Mama Kwanza: Maisha ya Consolata Nekesa Ethuro, 1944–1998

Yaliyosomwa na mdogo wake, Naliaka, nyumbani kwa marehemu, Kanamkemer, Lodwar, Jumamosi tarehe 22 Agosti 1998.

Ejok, ndugu na majirani. Shemeji yangu ameniomba niwasomee maisha ya dada yangu. Karatasi mliyopewa pale langoni niliiandika mimi mwenyewe, na juzi ikapigwa chapa mjini. Fuateni nami. Mahali fulani mtanisikia nikisoma mambo ambayo hamyaoni kwenye karatasi. Mpiga chapa hana kosa. Niliyaacha mimi.

Marehemu Consolata Nekesa alizaliwa tarehe 9 Septemba 1944 karibu na Kimilili, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Simiyu na marehemu Mama Rozalia. Kwetu mtoto huitwa kwa majira. Yeye alikuja wakati wa mavuno, akaitwa Nekesa. Mimi nilikuja miaka kumi na mitano baadaye, wakati wa palizi, nikaitwa Naliaka. Mama alikuwa akisema mmoja amezaliwa kukusanya na mwingine kung'oa. Wanaonijua mnaweza kucheka, sikatazi.

Alisoma katika shule ya misheni ya karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1953 hadi 1961. Mwalimu wake wa mwisho aliandika kwenye ripoti kwamba msichana huyu ni mwepesi wa hesabu na mzito wa kukasirika. Ripoti hiyo mama aliitunza sandukuni hadi alipofariki, na kila nilipogombana na mtu alinitolea nisome. Mwaka 1962 marehemu alianza masomo ya ukunga katika hospitali ya misheni, akahitimu mwezi wa Novemba 1965.

Alifanya kazi Bungoma kwa miaka mitano. Mwezi wa Machi 1971 aliletwa Lodwar na Serikali. Siku hizo kuletwa Turkana kulihesabiwa kuwa adhabu, na baba alimuuliza amemkosea nani huko ofisini. Alifika akiwa juu ya lori la unga, mweupe kichwa hadi miguu. Kiturkana chake cha mwanzo kilikuwa neno moja tu, ejok, akalitumia kwa salamu, kwa pole, na kwa kumwambia mama asukume. Watoto walizaliwa vilevile. Hakuwahi kuomba uhamisho. Mwezi wa Oktoba 1992, wakimbizi kutoka Sudan walipokuwa wakiingia Kakuma kwa maelfu, alipelekwa kule kuanzisha chumba cha uzazi, na akakaa hadi ugonjwa ulipomrudisha.

Tarehe 15 Desemba 1973 alifunga ndoa na Bwana Cornelius Ethuro wa Lorugum, karani wa ofisi ya mifugo hapa mjini. Wazee wa Lorugum walitaka kumpelekea baba ngamia. Baba akauliza atamfunga wapi katikati ya mahindi, na ngamia akila mahindi ya jirani kesi ataisikiliza nani. Wakaelewana ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Akiru mwaka 1975 na Emuria mwaka 1978.

Sasa jina la Mama Kwanza. Wengi wenu mnalijua, ila wageni wa kutoka Bungoma hawalijui. Marehemu alishika neno moja la Injili akalikazania: kwamba ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende ukapatane naye kwanza. Sisi wengine hulisikia neno hili, tukatikisa kichwa, tukaendelea kukaa. Yeye alikuwa anatoka. Padre akisema tutakiane amani, watu wakianza kushikana mikono, Nekesa alikumbuka aliyemkosea, akatoka nje kumtafuta.

Mwaka 1986 alitoka katikati ya misa hapa Lodwar kwenda kwa Mama Mugure, jirani yake mfanyabiashara, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemtukana kwa sababu ya kuku. Ilikuwa kuku wa nani, mpaka leo haijulikani. Padre alisubiri. Kwaya ikaimba wimbo, ikaimba mwingine, ikarudia ule wa kwanza. Nekesa akarudi akiwa ameshikana mikono na Mama Mugure, na kuku mwenyewe yuko kwapani mwa Mama Mugure, eti asije akabaki nyumbani bila mtu wa kumchunga. Mama Mugure yuko pale nyuma. Anaitikia kwa kichwa, kwa hiyo sijaongeza chumvi.

Karatasi yenu inatoka hapo na kwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Katikati pana jambo, na nimeona siwezi kumzika dada yangu huku nimelikalia.

Mwaka 1994 nilikuwa naishi kwake Kakuma, nikiuza nguo za mitumba. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini siku nyingi. Nilikuwa na miaka saba ya ndoa na sikuwa nimepata mtoto. Katika chumba cha uzazi marehemu alifanya kazi na mama mmoja mkimbizi, Mdinka, anayeitwa Akuch, ambaye sisi humwita Mama Ayuen kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwao alikuwa mkunga kabla ya vita. Yeye alitafsiri, dada akashika mkasi, na kati yao wawili watoto wa kambi ile walikuja duniani salama.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 3 Aprili, tulisali kwenye kanisa la mabati kule kambini. Watu walijaa hadi nje, joto usiseme. Padre Kipchumba akasema tutakiane amani. Mama Ayuen alivuka watu watatu akaja kwangu, akanishika mkono wa kulia, akaufungua kiganja, akautemea mate.

Nilimpiga kofi. Kanisani, siku ya Pasaka, kwa mkono uleule.

Mnaocheka ni Waturkana wa nyumba hii, kwa sababu mnajua. Mzee wa hapa akikupenda hukubariki kwa mate, na Wadinka nao ni hivyohivyo. Hata kwetu Bungoma wazee walikuwa na desturi hiyo, ila mimi nimekulia shule na sabuni. Nilijua kitu kimoja tu: mtu amenitemea mate mbele ya watu. Mama Ayuen alishika shavu lake, akasema, "Maalesh, mama. Maalesh." Hiyo ni lugha yao ya Juba ya kuomba radhi. Aliyepigwa ndiye aliyeomba radhi.

Nje dada aliniambia, "Wewe Naliaka, yule amekuombea mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia shida yako. Rudi ndani."

Nikamwambia sirudi. Nikamwambia na yeye amenivua nguo mbele ya wageni. Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo, na sikupungukiwa hata moja.

Haikupita miaka miwili. Tarehe 20 Septemba 1995, wakati wa mavuno, nilijifungua msichana, naye akaitwa Nekesa. Watu wa Kakuma walisema mate yameota. Mkunga aliyenizalisha ni dada. Mama Ayuen alibaki nje ya mlango na maji ya moto, kwa sababu nilisema asiingie. Alikuwa akinisalimu kila asubuhi kisimani, "Ejok, Mama Nekesa," nami naangalia mtungi wangu. Nilishajua kwamba nilikosea. Ndiyo shida yenyewe. Mtu asiyejua kosa lake ana afadhali. Mimi nilijua, na kila siku iliyopita ilifanya aibu iwe nzito zaidi kuibeba hadi kwake.

Kuanzia Pasaka ile marehemu hakupokea komunyo. Wakati wa amani ulipofika alitoka nje akasimama kwenye jua mpaka misa iishe. Padre Kipchumba alimwambia kosa si lake. Akajibu, "Padre, mkono uliopiga ni wa nyumba yangu." Kwangu hakurudia kusema neno. Karibu miaka minne, Jumapili baada ya Jumapili, nilikaa ndani kwenye kivuli nikamwona mgongo kupitia mlangoni. Nilimkasirikia sana. Nilimwona anajionyesha. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo nilivyowaza.

Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kuvimba miguu. Madaktari walikuta figo zimechoka. Alipelekwa Eldoret mwezi wa Aprili, akarudishwa mwezi wa Mei kwa kuwa hakukuwa na la kufanya zaidi. Kabla hajaletwa hapa Lodwar, aliyemwosha na kumlisha kule Kakuma ni Mama Ayuen. Mimi nilifua nguo.

Jumapili iliyopita, tarehe 16, Padre Kipchumba alikuja hapa nyumbani kumletea Sakramenti. Dada akaniangalia.

"Umekwenda?"

"Bado."

"Basi na mimi bado," akasema, akageukia ukutani. Padre alikaa naye muda mrefu, kisha akaondoka na alichokuja nacho.

Jumatatu sikulala, si kitu cha kusimulia. Jumanne asubuhi nilipanda gari la kwanza kwenda Kakuma kumtafuta Mama Ayuen. Nilifika kwake saa saba mchana. Mlango umefungwa. Jirani yake, mzee Wol, akaniambia, "Mama alipata kibali cha kutoka kambi. Alipanda gari ya Lodwar leo asubuhi. Anaenda kuona dada yako." Tulikuwa tumepishana njiani. Nilikaa chini pale mlangoni kwake nikalia.

Ya huku nimeambiwa na shemeji. Mama Ayuen aliingia, dada akamtazama nyuma yake, akauliza, "Naliaka yuko wapi?" Shemeji akamjibu, "Shemeji ameenda Kakuma. Ameenda kutafuta huyu Mama Ayuen." Dada akasema, "Kumbe! Ametoka?" Akacheka, ndivyo shemeji anavyoapa, akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema aitwe Padre. Akapokea komunyo jioni ile, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Ayuen, na saa mbili usiku, Jumanne tarehe 18 Agosti 1998, akakata roho. Mimi nilifika Jumatano.

Marehemu ameacha mume, Bwana Cornelius Ethuro. Watoto wawili, Akiru na Emuria. Mdogo wake mimi Naliaka. Na mtoto wa mdogo wake, Nekesa, ambaye amelala pale mgongoni kwa Akiru. Kwenye karatasi orodha inaishia hapo. Nawaomba wenye kalamu waongeze jina moja: Akuch, Mama Ayuen, dada yake marehemu. Kwa hiyo ni dada yangu pia.

Siku tatu hizi amekuwa akikoroga uji wa matanga kule jikoni, nami napitia upande mwingine wa nyumba. Dada alipokea kwa sababu alisikia nimetoka. Lakini nimetoka tu, sijafika. Yeye aliniamini hatua zilizobaki nitazimaliza mwenyewe, na hajashushwa kaburini bado.

Mama Ayuen, nakuona pale kwenye masufuria. Weka mwiko chini, tafadhali. Nilikupiga kofi ulipokuwa ukiniombea mtoto, na mtoto yule yuko hapa. Nisamehe. Mkono wa kulia ni huu, nimeufungua.

Njoo uteme, mama. Kisha tumlaze dada yetu kwa amani.