Yaya Nyuma ya Kioo

Pale Shumaisi, nyuma ya duka la dobi, lipo benchi ambalo Ijumaa asubuhi halina nafasi hata ya kuweka kofia. Mwenye birika ni Mzee Hilal, Mzanzibari aliyeletwa Saudia akiwa mtoto wa kubebwa, na kahawa yake ya tangawizi huwafungua watu midomo kuliko polisi. Kushoto hukaa Bonface, mlinzi wa ghorofa moja kule Olaya. Huitwa Injinia, kwa sababu anajua kila kitu kilivyoundwa na hajawahi kuunda chochote. Kulia ni Victor, dereva, jina lake Redio, na sababu mtaisikia wenyewe. Katikati yao leo kakaa Nahashon, kikombe kimepoa mkononi. Yeye hufanya kazi kwenye ukumbi wa theluji ndani ya duka kubwa la Olaya, akiwavalisha wateja viatu vya kuteleza na kuwashika wasianguke. Benchi linamwita Barafu.

— Wamebadilisha kila kitu, alisema Nahashon, Ijumaa ya tatu mfululizo. Kilima kidogo wametoa, wakaweka mkanda wa kupandisha watu. Na mayaya hawaingii tena. Mtoto anashuka na mwalimu wa kukodi, yaya anangoja juu, nyuma ya kioo.

— Mkanda huo nimeupanda miye, alisema Mzee Hilal. N'likwenda na mjukuu wangu, Muna. Zamani tukipanda kwa miguu, twahema, twacheka. Sasa wakupandisha kama begi la uwanja wa ndege. Nikafika juu sijacheka hata mara moja.

Lakini si mkanda uliomkosesha Nahashon usingizi. Ni Rispah, mmoja wa mayaya hao. Kabla ya mabadiliko hayo mtoto mdogo hakuruhusiwa kushuka peke yake, na madam wa Rispah haipendi baridi, basi kila Ijumaa aliyevalishwa viatu ni Rispah. Siku ya kwanza alianguka puu, akamwambia Nahashon kwa Kikisii kwamba kwao Nyamira mtu akiteleza hivyo hupelekwa hospitali, hatozwi kiingilio. Kufikia Ramadhani alikuwa anashuka mbio, mtoto kamng'ang'ania, wote wawili wakipiga kelele za furaha. Nyumbani kwa kafili, mwajiri aliyemleta nchini, aliitwa yaya tu. Pale kwenye theluji palikuwa na mtu wa kumwita Rispah. Nahashon alimpenda na hakuwa amemwambia. Hata namba ya simu aliona haya kuomba, akidhani Ijumaa hazitakwisha.

— Shida ni joto la miili, alisema Injinia. Mayaya wote hao, kila mmoja na joto lake, theluji itakosa kuyeyuka? Ndiyo wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi. Akishagandishwa, buda, hakunjiki.

— Methali hiyo yahusu malezi, mwanangu.

— Kwani hapo hakuna watoto, Mzee?

— Wacheni hizo, alidakia Redio. Mamadam waliona wivu. Yaya anashuka kama mwewe, madam amekaa na chipsi zake. Na kuna ingine, nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa. Si wakimbiaji wetu huchukuliwa wakapewa pasi za huku Ghuba? Sasa ni zamu ya theluji. Hicho kioo ni cha makocha kuwachagulia! Mwaka ujao mtamwona Rispah kwa TV, Olimpiki ya baridi, na jina jipya.

— Inawezekana, Injinia alikubali. Mtu ameteremka Nyamira na mkungu wa ndizi kichwani kukinyesha. Theluji ni nini kwake?

Nahashon alijaribu kucheka, ikashindikana. Ijumaa iliyopita alimwona Rispah kule juu, paji la uso limegusa kioo. Kwa kukosa la kufanya, alimwinulia kiatu alichokuwa amekishika. Rispah alicheka, au alilia. Kwa mbali hivyo hakuweza kujua, na jambo hilo lilimuuma wiki nzima.

Pembeni alikuwa amesimama msichana mgeni akingoja kikombe chake. Stacy, alisema jina lake, msafishaji wa ofisi.

— Samahani. Huko juu kwenye kioo ni wapi?

— Ni mkahawa, alijibu Nahashon.

— Sasa wewe ukipanda ngazi, unazuiwa?

Nahashon tangu aajiriwe huingia kwa mlango wa wafanyakazi, chini kabisa, na kutokea huko huko. Wiki tatu benchi zima lilikuwa likijadili kile kioo, na hakuna aliyewahi kuwaza ngazi.

— Niongezee kahawa, Mzee, alisema Injinia.

— Halas, imekwisha, alisema Mzee Hilal, na birika lilikuwa bado zito mkononi mwake. Waingia kazini saa ngapi, Nahashon?

— Saa tisa.

— Na Rispah huja saa ngapi?

— Saa nane.

— Basi inuka, mwanangu. Wakikuzuia, njoo utwambie. Wasipokuzuia, leo n'sikuone hapa.

Nahashon alikuwa ameshasimama.