Fundi Guk na Kitufe cha "Nimetoka"

Tarehe 31 Desemba, baada ya miaka ishirini na sita ya kuyahudumia Majumba ya Haesong hapa Jecheon, Fundi Guk Sang-cheol atakabidhi funguo za chumba cha mitambo. Ofisi imeniagiza niandike habari ya kuwachangamsha ninyi wakazi. Nitajitahidi, lakini anayemstaafisha fundi wa boila katikati ya baridi kali, asiajiri mwingine, asitegemee nicheke.

Mimi, Pyo Mi-ran, nimepokea simu za ofisi hii miaka kumi na tisa, na wakati wa baridi karibu zote huanza vilevile: "Boila imekufa!" Kila nyumba hapa ina boila yake ya gesi, inayochemsha maji na kuyapitisha chini ya sakafu ili vyumba vipate joto. Fundi alinifundisha cha kuuliza kabla hajapanda ngazi. Chumba kimoja ndicho cha baridi, au vyote? Maji ya bafuni yana moto? Namba gani inawaka kwenye swichi ya boila ukutani? Kikiwa chumba kimoja, basi mabomba ya sakafu yamemeza hewa. Mtu afungue koki ndogo ya pembeni mpaka imalize kuzomea na maji yatoke. Bwana Yeom wa jengo la pili alitutukana asubuhi nzima, kumbe koki ya gesi ilifungwa na mkewe aliyekuwa amemnunia. "Boila yako nzima, mzee," Fundi akamwambia. "Kaombe radhi."

Adui hasa wa Fundi alikuwa kitufe cha "Nimetoka" kwenye swichi hiyo. Kimewekwa kwa anayeondoka nyumbani, ili boila ipunguze moto. Wazee wetu hukibonyeza wakiwa ndani, wamejikunyata kwenye mablanketi, wakibana matumizi. Bingwa wao alikuwa Bibi Bong Sun-rye, jengo la saba, nyumba 304.

"Bibi, umetoka, umekwenda wapi?" Fundi alikuwa akimuuliza.

"Si nipo hapa, huoni? Mtu mmoja apashiwe moto nyumba nzima, kwani mimi malkia?"

Fundi anabonyeza "Ndani", kisha anakaa kula kiazi kitamu cha kuchoma mpaka sakafu ishike moto, maana akiwahi kuondoka tu, Bibi anakirudia kitufe chake. Halafu anaandika daftarini alivyokikuta: "7–304, Nimetoka."

Mwaka juzi, sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, Fundi alichukua siku tatu kwenda kwao kuwaandalia mababu waliokufa chakula cha tambiko. Asubuhi ya pili jirani wa chini ya Bibi Bong akapiga simu: dari linavuja, na kengele ya juu haiitikiwi. Nikafungua daftari. Mstari wa mwisho: "7–304, Nimetoka."

"Bibi ametoka," nikamjibu. "Kaenda kwa mwanawe kula sikukuu."

Nilikijua kitufe kile. Nililijua daftari lile. Lakini sikukuu kila mtu huenda kwa watoto, nami nikasoma nilichotaka kusoma. Nikamwagiza mlinzi afunge koki ya maji ya 304, iliyo nje ya mlango. Boila ikakosa maji, ikazima kabisa.

Siku ya tatu Fundi alirudi, akapanda moja kwa moja na begi lake mkononi. Bomba lilikuwa limeganda na kupasuka, na Bibi ameanguka karibu na mlango, ana koti mwilini. Alikuwa bado anapumua. Alifariki hospitalini baada ya siku mbili. Mwanawe aliniambia kwamba hata hakuwa amemwalika.

"Mwandiko ni wangu, Dada Pyo," Fundi alisema. Heri angenifokea. Tangu hapo, kila asubuhi ya baridi, alipita nyumba za wazee peke yake na kuandika neno moja tu: yupo. "3–501, yupo." "7–112, yupo, anakohoa."

Kuanzia Januari mosi simu zenu zitapokelewa na mashine iliyoko Seoul. Itawauliza namba inayowaka. Haitauliza nani yupo ndani, na nimeshasema hayo mikutanoni mpaka sauti ikanikauka.

Ijumaa Fundi alinipa daftari. Nyumba arobaini na moja, kila moja na mzee anayeishi peke yake. Nikamwambia sijui boila, nitaua mtu mwingine.

"Sikufundishi boila," akasema. "Kengele unajua kubonyeza?"

Nilipofika mezani niliufungua ukurasa wa mwaka juzi. Kumbe hakuuchana. Neno "Nimetoka" amelikata kwa mstari, na juu yake, kwa wino mwingine, ameandika: "Alikuwepo."

Ahsante, Fundi Guk. Nenda ukapumzishe magoti yako, sakafu ya nyumba yako iwe ya moto, na afya isikutupe mkono. Kengele nimezibonyeza: wazee huku wapo, wote arobaini na mmoja, kwa leo.