Karatasi Aliyoiachia Baba Mtungini

Watawa wetu watukufu, mwenyekiti wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani wa Ban Non Khla, familia imenipa mimi, Orathai, binti wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake kabla moto haujawashwa, nami nitasoma kama nilivyoandika, kwa sababu nikiinua macho nitapoteza mstari.

Marehemu baba yetu, Wichian Thapsaen, alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, hapa hapa kijijini, mkoa wa Roi Et, akiwa mtoto wa nne wa wakulima wa mpunga, Bwana Khian na Bi Phuang, akasoma shule ya hekaluni mpaka darasa la nne, dawati moja na Mzee Sangwan, ambaye leo amekaa pale mbele karibu na feni. Walichunga nyati wa kulimia pamoja, wakaiba mapapai ya mtawa mkuu pamoja, wakachapwa pamoja.

Mwaka 1979 wote wawili walitimiza miaka ishirini na moja, umri wa kuchota karatasi za jeshi mtungini, nyekundu unaandikishwa, nyeusi unarudi nyumbani, na wakati huo huo Bwana Heng, mwenye kiwanda cha barafu mjini wilayani, alikuwa anatafuta kijana mmoja wa kazi ya kudumu, ambaye jeshi halitamchukua, wakakubaliana kwamba atakayechota nyeusi aende kwa Bwana Heng, na atakayechota nyekundu aende jeshini bila kinyongo.

Tarehe 6 Aprili 1979 walisimama mstarini uwanjani, vifua wazi, Baba akiwa wa arobaini na moja na Mzee Sangwan wa arobaini na mbili. Mnajua wote kwamba Baba alichota nyeusi na Mzee Sangwan nyekundu. Msichojua, na ambacho Baba aliniagiza nikisome leo, ni kwamba alishika kwanza karatasi iliyokuwa juu, akaipapasa, akaiachia, akazamisha mkono mpaka chini kutafuta nyingine, mpaka afisa akamwambia, "We kijana, unavua samaki humo? Toa mkono." Watu wakacheka. Kisha Mzee Sangwan akasogea, hakutafuta, akachukua ya juu.

Tarehe 17 Aprili 1979 Baba alianza kazi kwa Bwana Heng, akibeba vipande vya barafu begani juu ya gunia, naye Mzee Sangwan alipelekwa mpakani, ambako tarehe 22 Novemba 1980 alikanyaga bomu la ardhini, akapoteza mguu wa kulia chini ya goti. Habari zilipofika Baba aliomba ruhusa, akanyoa kichwa, akaingia utawa siku kumi na tano ili thawabu zake zimwendee rafiki yake, akarudi kazini bila kumweleza mtu kwa nini.

Tarehe 14 Januari 1984 alimwoa mama yetu, Lamduan, aliyekuwa akiuza saladi ya papai kwenye lango la kiwanda, wakapata watoto wawili, kaka yangu Thawat mwaka 1986, na mimi mwaka 1997. Mwaka 1993 Bwana Heng, ambaye hakuwa na mtoto, alimwachia Baba kiwanda, na ndicho kilichotulisha mpaka leo.

Watu walisema Wichian ana bahati, Mama akachukia, akawajibu, "Bahati gani inayobeba barafu mpaka ngozi ya bega inatoka?" lakini Baba hakumshukuru, alimwambia, "Wabeba barafu tulikuwa kumi na wawili, Lamduan. Kiwanda nilipewa mimi." Akisifiwa kwa bahati aliinuka akaondoka, akisifiwa kwa bidii aliinuka akaondoka. Hakumaliza sahani ya wali bila kusimama mara mbili, na hata akiwa amekaa, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, kama anayepima unene wa kitu. Hakununua bahati nasibu hata siku moja. Najua baadhi yenu mmeshaandika umri wake na namba ya nyumba yetu mkazichezee, siwakatazi, ila arobaini na moja, nafasi yake mstarini, iacheni, tafadhali.

Kila kiangazi alimpelekea Mzee Sangwan barafu kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, kila siku gunia zima, mpaka Mzee Sangwan akamwambia, "Wichian, hata maiti haihitaji barafu yote hii." Baba akacheka na wengine, kisha kesho yake akaipeleka tena.

Mwezi Agosti 2023 macho yake yaligeuka manjano, madaktari wa hospitali ya mkoa wakakuta ugonjwa umeshaenea kwenye ini, na mwezi Februari mwaka huu, vidole vikiwa vinasugua shuka, aliniita akanieleza habari za karatasi. Alisema, "Siku ya kunichoma, mtakaponiombea msamaha, msomee Sangwan mbele ya watu. Usiseme ilikuwa bahati. Mkono ulikuwa wangu." Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Mama hakutaka nisome, alisema, "Utamchoma baba yako mara mbili." Mimi sikujua nimtii nani, kwa hiyo juzi nilimbeba mwanangu mgongoni nikaenda kibandani kwa Mzee Sangwan, nikamsomea yeye kwanza. Alizima chuma chake cha kulehemu, ndipo akasema, na amenipa ruhusa kuyasoma haya, "Mwanangu, mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikiona kiwiko. Kilianza kupanda, kikasita, kikazama tena. Nikajua ameikataa ya juu. Na baba yako, tangu darasa la kwanza, hajawahi kukisia kitu kikawa sawa. Nikasema moyoni, kama Wichian ameikataa, basi hiyo ndiyo nyeusi. Nikaichagua."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Baba. Akasema, "Nilikuwa naona aibu. Na ile barafu nilikuwa naipenda." Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha mafuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mkoani, watawa waliosoma sala siku zote nne, majirani waliopika bila kuitwa, na wafanyakazi wa kiwanda waliosimamisha mashine leo.

Sasa, kwa niaba ya Baba, namwomba Mzee Sangwan msamaha, na yeyote mwingine aliyekosewa na marehemu kwa tendo, neno au wazo. Mzee Sangwan ameomba awe wa kwanza kupanda kwenye tanuri na ua la msandali la kumwekea Baba jenezani, na ameomba asishikwe mkono, hata akichelewa, ngazi ni kumi na moja, tutamngoja.

Baba, Mzee Sangwan alikuwa anakuangalia. Aliichagua mwenyewe. Pumzika sasa kwa amani, na mkono wako nao utulie.