Ngozi Iliyokaa Kivulini

Fatu, weka huo upepeo chini. Mkono wako umechoka, na mimi hewa yenyewe sasa inaniuma kifuani. Na wewe Mwantumu, achana na mlango, hakuna mgeni atakayekuja saa hizi, watu wote wako shamba la kijiji. Kaeni hapa ninapowaona nyote wawili, kwa sababu haya nitayasema mara moja tu, na nguvu ya kuyarudia sina.

Jana mlidhani nimelala. Niliwasikia uani mkiapa kwamba siku nikifa, mama yenu mdogo, Mashavu, hatatia mkono kwenye maiti yangu. Mtaniosha ninyi na shangazi yenu, na yeye mtamfungia mlango hata akilia. Mlisema, "Mama hakumpenda, tumlindie heshima yake." Ni kweli sikumpenda. Baba yenu Semboja kafa, tumebaki wajane wawili kwenye ua mmoja, na mpaka leo nikisikia kandambili zake zikipita hapo nje roho inanipanda. Lakini nani ataniosha ni jambo langu, si lenu, na nitalisema mwisho, maana bila kusikia ya mwanzo mtadhani ugonjwa umenipanda kichwani.

Tuanze na vitu, navyo ni vichache. Ardhi hii ni ya kijiji, sina ninachoweza kuwagawia. Lakini kule mahame, tulikotolewa mwaka ule wa malori, michungwa niliyopanda kwa mikono yangu bado inazaa, na hakuna anayekana kuwa ni yangu. Ile ya upande wa kisima ni ya Fatu, ya upande wa njia ni ya Mwantumu. Jembe achukue Mwantumu, kwa kuwa Fatu analo zuri kuliko langu. Kanga mgawane, na mkigombana nitasikia hukohuko niliko. Kinu kibaki kwa Mashavu. Ni kizito kukisafirisha, halafu mwanamke yule hajawahi kutwanga akamaliza; ajifunze sasa.

Sasa nisikilizeni habari ya ngozi. Ndiyo, Mwantumu, ngozi, usimtazame mwenzio hivyo, akili zangu ninazo.

Nilipovunja ungo mama yangu aliniweka ndani, kama alivyowekwa yeye na kama mlivyowekwa ninyi, ila siku zile mwali alikaa ndani mpaka mavuno yakazunguka. Sikuona jua. Kazi yangu ilikuwa kula, kusuka ukili wa mikeka na kupakwa mafuta ya ufuta asubuhi na jioni. Siku niliyotolewa nje watu walishika midomo. Bibi yangu akasema ni ngoma niliyochezwa ndiyo iliyoning'arisha, na Wazigua wote walisema hivyo na bado wanasema hivyo: mwali hung'aa kwa sababu amechezwa, na mng'ao ukimtoka basi umemtoka, ni mambo ya usichana. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mtoto wa watu kafichwa jua na kapakwa mafuta, nini kingine angefanya zaidi ya kung'aa? Mimi mwenyewe nimekuja kulijua jambo hilo kwa wivu. Wivu umenisomesha kuliko shule yoyote ya watu wazima waliyotuletea hapa.

Baba yenu akanioa mng'ao ukiwa haujanikauka, akanipeleka kwenye mkonge, upande wa Magoma. Yeye alikata, mimi nilianika. Nyuzi zikitoka kwenye mashine zimelowa, nyeupe pe, wanawake tunazitandaza kwenye nyaya jua likiwa utosini. Jua linakupiga kichwani, na ule weupe wa katani unalirudisha jua usoni kutoka chini, mpaka kwenye kidevu pale ambapo mtu hadhani jua linafika. Maji ya mkonge yanawasha, unajikuna, unachubuka. Jioni unaoga kwa sabuni ya mche, hiyohiyo ya kufulia magunia, unajisugua mpaka ngozi inalia, kisha unainama jikoni kwenye moshi wa kuni mbichi. Mafuta yalikuwa ya mboga. Nani angepaka usoni kitu ambacho watoto wanaweza kula?

Alikuwepo mwenzetu mmoja pale kwenye nyaya, Efrazia, Mkristo, mumewe alikuja na watu wa mkataba kutoka bara. Huyo alijifunga kitambaa uso mzima, yanabaki macho tu. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita, "Bibi harusi, bwana harusi kachelewa leo?" Naye akanijibu siku moja bila hasira, "Cheka tu, Mwaija. Uso nimepewa mmoja, wa akiba sina." Nikaona ni maringo ya watu wa kuja.

Uhuru ulipofika nilikuwa bado natazamwa. Kwenye ngoma ya usiku ule kuna mwanamume alimwuliza baba yenu kama mimi ni mdogo wake. Lakini hata miaka kumi haikupita. Wakati wanatangaza lile Azimio, nilikuwa na miaka thelathini na kitu tu, na asubuhi moja nikaomba kioo cha kinyozi nikajikuta nimekuwa mama yangu. Mistari pembeni mwa macho, mdomo umeingiwa na mikunjo, mashavu yana madoa kama ganda la ndizi lililolala, na mikono, hii hapa, itazameni, hata paka asingependa kushikwa nayo. Baba yenu alinitazama jioni yake wakati nikimtengea chakula, akasema, "Mama Fatu, mbona umezeeka ghafla?" Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningemjibu. Neno hilo lilinikaa kooni na mpaka leo lipo, ndilo ninalokohoa.

Mwaka uliofuata tukauacha mkonge, tukahamia kule ambako sasa ni mahame, naye akaleta Mashavu kutoka Chanika. Watu wakasema Semboja kaoa binti, wazee wenzake wakampa mkono. Binti! Wanangu, nawaambia mbele ya Mungu ninayemwendea, Mashavu alitolewa uali mwaka wa nzige, na mimi nilikuwa bado kitoto nawafukuza nzige kwa debe. Nilitolewa baada yake. Mkubwa ni yeye. Aliingia uani mwangu akanipigia shikamoo mbele ya wageni, na wageni wakaona ni sawa kabisa. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye kwanza.

Na alikuja na zawadi. Chupa ya mafuta ya ufuta, aliyoyakamua mwenyewe. Akaniambia polepole ili wengine wasisikie, "Dada, jipake ukiwa bado umelowa." Nikayatia kwenye koroboi. Yaliwaka vizuri sana.

Wanawake wakaniletea maneno: ana hirizi, kila usiku anakula siku zako, ndiyo maana wewe unakauka na yeye ananenepa. Nilipenda sana kuamini. Nikaanza kumvizia. Kwenye ua wa bafu makuti yalikuwa yameachana, na mimi nilikuwa na jicho. Nilimtazama masika, nilimtazama kiangazi. Hakuna hirizi. Sabuni alipaka kwapani na miguuni, uso aliunawa kwa maji matupu, bila kuusugua, anaugusagusa kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto aliyelala. Kisha, maji yakiwa bado yanang'aa mwilini, anamimina mafuta kidogo kiganjani, anajipaka uso, shingo, masikio, mgongo wa mikono. Nje hakutoka bila kanga kuivuta mpaka kwenye nyusi. Mikeka alisuka barazani, kivuli kikihama anahama nacho. Akishiba alilala kidogo mchana. Yaani mwanamke yule hakutoka uali maisha yake yote, na hakuna aliyemshtukia ila mimi. Hirizi ningeichukua nikaitupa chooni. Kivuli chake ningekitupa wapi?

Nikarudi nikajifungia, nikavua, nikajitazama mimi. Hapa begani, kanga inapoanzia, pana mpaka. Juu ya mpaka ni bibi kizee. Chini ya mpaka, wanangu, ni yule mwali wa mama yangu, laini, hana doa, hana mkunjo, kana kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa miaka imepita. Miaka ilikuwa ni ileile juu na chini. Basi nikajua kuwa miaka peke yake haikunifanya hivi. Umri nao una lake, sikatai: ukivuka thelathini mwili unaanza kuyabana mafuta yake, ngozi inalegea, kidonda kinachelewa kufunga, na uzazi wa mfululizo na njaa ya mwezi wa tatu vinaongeza. Hilo ni la kila mtu. Hata Mashavu limempata hapa shingoni, nimeliona, nikafurahi siku nzima. Lakini lile kubwa lililonila mimi lilikuwa jua, na moshi, na ule mkonge, na mkono wangu mwenyewe wenye dodoki.

Tukaja hapa na malori. Kwenye mkutano wakagawa kazi. Mashavu akapewa kulea watoto wadogo kwenye banda la makuti, kwa kuwa ana sauti nzuri, na mimi nikapewa jembe, kwa kuwa nina nguvu. Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia anavyokwenda bandani na mkeka wake kwapani, na mimi nafuata foleni ya shamba la kijiji, nikasema moyoni, hata Ujamaa umempendelea.

Mnaweza kuuliza, mama, ulishajua, kwa nini hukujipaka? Kwa sababu Mashavu angeniona. Angejua kuwa nimemfuata. Heri nikauke. Lakini ninyi mliogeshwa kama anavyooga yeye, mkapakwa mkiwa mmelowa, mkafungwa vitambaa mkienda kuchuma pamba mpaka wenzenu wakawacheka. Alikuwa akiwapita uani anatabasamu. Nilichukia lile tabasamu, nikaendelea kuwapaka.

Fatu, kopo lililo chini ya mto wako nimeliona. Usilie. Najua mumeo anakwenda Korogwe kila gulio na hakuletei chumvi. Krimu ile ya kujichubua itakupa uso mweupe kwa miezi, halafu itauchukua na uliokuwa nao. Yuko mwanamke Kerenge aliyejichubua, leo ana mabaka mekundu, jua likimgusa anapiga kelele kama kachomwa. Tupa hicho kitu chooni, usimpe hata adui. Jifunike jua likiwa kali, fanya shamba lako alfajiri, oga kwa mkono mwepesi, jipake umelowa, kula na wewe, usiwape wengine wote ukabaki na ukoko. Mstari uliokwishaingia hautoki, uache, ni wako. Lakini usiuite mwingine. Na mwanamume akitaka kwenda atakwenda hata ung'ae kama sahani; mimi nakuambia ujitunze kwa sababu mikono hii nilikuwa naipenda. Nilikuwa naipenda sana.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Miezi hii yote niko ndani, jua sijaliona, na Mwantumu ananipaka uso na mikono kila jioni. Jana jirani kaja, kanitazama, anasema, "Bi Mwaija, mbona umetakata?" Sijafika hata hamsini, wanangu, na wananiita bibi, na sasa nakufa ndiyo natakata. Nilitaka kucheka, kifua kikakataa.

Sasa lile la mwisho. Niinueni kidogo. Hivyo.

Mashavu ndiye ataniosha. Nyamazeni. Ninyi mtamwaga maji, shangazi yenu atasoma, lakini mkono utakaonigeuza uwe wake. Kitovuni mpaka magotini mnifunike, sheria ni sheria. Lakini mgongo, anigeuze upande ulio na mwanga, mgongo na mabega ayaone. Baba yenu aliujua gizani tu. Mchana, tangu nilipotolewa uali, hakuna binadamu aliyewahi kuuona, hata ninyi. Awe yeye wa kwanza. Aone kwamba hakunizidi kitu. Kwamba chini ya nguo nilikuwa kama yeye, na labda… mtazameni usoni atakapoona. Msimwulize neno. Mtazameni tu kwa niaba yangu.

Msameheane. Mimi ninyi nimewaridhia wote wawili, maziwa yangu ni halali yenu, Mungu awape watoto watakaowafukia, awape chakula, awape… awape kivuli. Kaeni humo.

Fatu, dirisha. Jua limefika mguuni. Funga. Funga vizuri.

Na mwambieni, akimaliza kuniosha, asinifute mpaka nikauke. Aende ndani kwake akalete chupa yake. Ile ya ufuta. Anipake… nikiwa bado nimelowa.