Kanzu ya Ghalibu na Moshi Wenye Kibali

Tangu kiwanda cha sabuni kiwashe tanuri lake nyuma ya nyumba za mtaa wa Kanyenye, hapakuwa na watu waliofua sana kama wa Kanyenye, wala waliotakata kidogo kama wao. Siku hiyo Ghalibu alifika kwenye benchi la kahawa na msuli kiunoni, beseni mkononi. Ndani ya beseni mlikuwa na kanzu yake ya harusi, imelowa chapachapa. Alikuwa akiifua tangu alfajiri, na kila akiianika masizi yanatua juu yake. Ndoa ilikuwa ifungwe alasiri kwa bibi harusi, mtaa wa Kitete.

— Umekwenda kwa Bwana Afya? akauliza Tobias, karani mstaafu wa reli, waliyemwita Sirikali kwa kuitetea serikali bila mshahara.

— Nimekwenda. Kasema moshi una kibali.

— Basi! Na kanzu yako ina kibali cha kuanikwa?

Masolwa, mjukuu wa mpagazi wa misafara, akaopoa sizi katika kikombe chake.

— Msiulaumu moshi. Safari yake Ujiji. Ukifika Kanyenye mabega yanauma, unatua mzigo.

— Unatua bila kulipa kodi ya kichwa! Sirikali akachukia.

— Utatoza kichwa kipi, nao una mkia tu? akajibu Masolwa. Wazee walisema, vyaelea vimeundwa. Masizi haya yameundwa, bwana! Asubuhi wanatuchafua, jioni wanatuuzia mche wa sabuni.

— Uzushi. Masizi ni dawa ya mbu. Serikali inatupaka bure.

— Na mimi nioe nikiwa dawa ya mbu? akalia Ghalibu.

Hapo akapita Siwema, muuza asali wa Sikonge, akatua kibuyu chake.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Nimetoka Kitete sasa hivi, anga safi, jua linachoma. Kwani lazima kanzu ianikwe hapa?

Sirikali akachungulia kikombe chake kama anayetafuta kifungu cha sheria.

Masolwa akainuka, akaazima mti mrefu, akaupitisha katika mikono yote miwili ya kanzu. Ncha moja begani kwake, nyingine begani kwa Sirikali, aliyenung'unika kwamba upagazi haukutajwa katika pensheni yake. Wakashika njia ya Kitete kwa mwendo wa msafara, wakiimba, kanzu katikati imejaa upepo kama tajiri aliyeshiba. Njiani watu waliipa hongera. Walipokaribia kwa bibi harusi ilikuwa imekauka, nyeupe pee, na wanawake wakaipokea kwa vigelegele.

Nyuma kabisa, Ghalibu na msuli wake akatanabahi kwamba kanzu itaozwa kabla yake. Akatupa beseni, akatoka mbio.