Mama Masjala na Miaka Kumi na Miwili ya Mwenyekiti

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Masjala, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 katika chumba cha uani, mtaa wa nyuma ya soko kuu, mtoto wa pili wa mlinzi wa bohari na muuza mboga. Muuza mboga huyo alikuwa mwanamke wa maneno. Mwaka 1959 halmashauri ilipotaka kuwahamishia wauza mboga kando ya jalala, alifunga mtoto mchanga mgongoni, akaingia kikaoni bila kualikwa, akasema mpaka karani akachoka mkono. Soko halikuhama. Marehemu siku hiyo alikuwa shuleni, hakusikia hata neno. Miaka miwili baadaye mama akafariki, na nyumbani hakukubaki hata picha yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1969. Walimu walimsifu kwa usafi wa daftari. Wenzake walimkoma kwa kumbukumbu, maana kifutio ulichoazima kwake darasa la tatu ulidaiwa mpaka kidato cha pili. Kisha alisomea stashahada ya utunzaji wa nyaraka, na akaimaliza. Katika ukoo huu jambo hilo linastahili kutajwa, na wanaojijua wanajijua.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa masjala ya halmashauri ya mji. Alikabidhiwa chumba cha chini chenye dirisha moja, majalada ya mihtasari ya vikao tangu halmashauri ianzishwe, na popo. Popo ndio walioondoka kwanza. Majalada aliyainua sakafuni kwa matofali na mbao, akayafungua moja moja yapate hewa, akayatengenezea faharasa ya tarehe. Sheria yake ilikuwa moja: karatasi haitoki nje ya chumba. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuagiza apelekewe jalada ofisini, akajibiwa, "Mkurugenzi, miguu unayo wewe. Jalada halina."

Humo humo ndimo alimopatia mume, fundi wa kufunga vitabu, aliyeitwa kushona majalada yaliyoachia.

"Fundi, hii gundi yako ya unga ni karamu ya mende," alimwambia.

"Basi mende wako wanakula kuliko mimi. Mimi sina wa kunipikia."

"Na mimi sikuajiriwa kupika."

"Haya. Nitapika mimi."

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Fundi amepika mpaka juzi, na gundi aliibadilisha.

Sasa tufike tunapotakiwa kufika. Ijumaa moja ya Machi 1994, akipekua jalada la mwaka 1959, marehemu alikutana na mama yake. Hotuba yote ilikuwemo, neno kwa neno, na matusi mawili ambayo karani wa enzi hizo hakuthubutu kuyapunguza. Aliisoma akiwa amesimama. Muda wa kazi ulikuwa umekwisha na mlinzi anagonga funguo mlangoni.

"Ondoka nalo, ukalinakili nyumbani," alisema karani wa mapokezi. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Jumatatu nitanakili hapa hapa."

Akaliacha rafu ya karibu na mlango. Kesho yake Mwenyekiti wa halmashauri, aliyekuwa anataka chumba cha kupumzikia wageni wake, aliwaita wafagiaji, wakabeba majalada, wakayachoma nyuma ya gereji. Hapakuwa na kikao wala kibali. Kwa haraka yake hakuangalia kilichobebwa, na yaliyokuwa karibu na mlango yalikuwa ya miaka yake mwenyewe, pamoja na lile la 1959. Yaliyopona ni ya rafu za nyuma, kwa sababu wafagiaji walichoka. Jumatatu marehemu alikuta makochi.

"Mama, zile ni karatasi tu," Mwenyekiti alimwambia. "Mji unaangalia mbele."

Alipolalamika kwa maandishi alihamishiwa dawati la vibali vya mabango, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2006. Hakupiga kelele tena. Waliomjua waliona kimya kile wakaanza kumhurumia Mwenyekiti.

Baada ya kustaafu alianza kuandika historia ya halmashauri. Zamani kila diwani alipewa nakala ya muhtasari, kwa hiyo marehemu aliwatafuta wajane na wajukuu wa madiwani, akapekua masanduku, akainua magodoro ya watu. Alipata miaka mingi. Ule wa 1959 hakuupata. Mjukuu wa diwani mmoja alimwambia babu aliwashia nao jiko. Nakala za miaka ya Mwenyekiti, 1982 hadi 1994, hazikutafutwa kwa bidii hiyo. Huo ndio ukweli, na kwenye wasifu hatudanganyi.

Kitabu kilitoka mwaka 2011. Kila mwenyekiti ana sura yake na picha yake. Huyu ana sentensi moja, bila jina: "Kumbukumbu za miaka hii zilichomwa."

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Juni mwaka huu, akiwa amelazwa hospitali ya wilaya, Mwenyekiti mstaafu alimtembelea na kikapu cha matunda.

"Dada, miaka kumi na miwili," alisema. "Stendi ile niliijenga mimi, unaipita kila siku."

"Naipita. Muhtasari ulioidhinisha uko wapi?"

"Si unajua uliungua."

"Basi mimi naona stendi tu. Aliyeijenga simjui."

"Watu wapo, waulize. Walishuhudia."

"Hata mama yangu alisema mbele ya watu. Wameisha."

Mzee alikaa kitandani. "Nisamehe, dada. Nina wajukuu, wanasoma kitabu kile shuleni."

"Mchungaji akija ntamwambia nimekusamehe. Kitabu hakisamehe, hakiumwi."

"Angalau jina langu. Jina tu."

Marehemu akasema, "Jina nitaweka." Mzee alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akatoka anatabasamu. Marehemu akamwita binti yake, akataka rasimu ya toleo la pili na kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Agosti 2024, miwani ikiwa bado usoni.

Ameacha mume, fundi wetu, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu sita, mdogo wake aliyeingia kikaoni mgongoni, wapwa wengi kuliko walioalikwa, na majalada yenye afya kuliko wengi wetu hapa.

Familia inamshukuru Mwenyekiti mstaafu, aliyeketi kiti cha mbele, kwa shada lake la maua, na kwa kuuliza wiki hii kama ombi lake lilitimizwa. Lilitimizwa, Mzee. Toleo la pili liko kwa mpiga chapa, na sentensi yako imekua: "Kumbukumbu za miaka hii, pamoja na maneno ya muuza mboga aliyeliokoa soko, zilichomwa bila kibali kwa amri ya," halafu yanafuata majina yako, yote matatu, kwa herufi nzito.

Mungu amlaze Mama Masjala mahali pema, na mtu yeyote asimfuate huko kuomba marekebisho.