Kigong'ota Ashusha Mtaimbo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kugonga paa la mgodi huu, mkaguzi wetu, mzee tunayemwita Kigong'ota, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Ofisi imeomba wasifu wa heshima. Heshima ipo, ila mnamjua mwenyewe: ukimsifu mno atakugonga kichwa asikie kama ni kitupu.

Alianza kwa kusukuma vigari vya makaa. Siku ya kwanza aliinua macho juu na hajayashusha mpaka leo, ndiyo maana amejikwaa kwenye kila kilichomo shimoni, wakiwemo mameneja watatu. Kazi yake ilikuwa moja. Kila asubuhi anaitangulia zamu na taa na mtaimbo, anagonga mwamba ulio juu ya vichwa vyetu, kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimelala kwenye jiwe. Likilia kama kengele, tunaingia. Likijibu kama debe, anachora msalaba wa chokaa, na hapo hapiti hata panya mpaka nguzo ziongezwe.

Tusidanganyane, alikuwa anakosea. Alichora misalaba mingi kuliko ya makaburini, na mingi kati yake haikudondosha hata mchanga. Ugonjwa huo alikwenda nao mpaka ukweni. Ziara ya kwanza tu, aligonga dari kwa fimbo, akamsihi baba mkwe kwa adabu zote ahamishe kiti. Dari ile ipo mpaka leo. Baba mkwe alizeekea mlangoni, akipigwa na upepo na kulalamika kwamba binti yake ameolewa na ndege.

Sasa ile ya njia namba saba, kwa nyinyi mlioingia juzi. Kigong'ota alichora msalaba. Injinia akaleta mashine yake ya kupima mwamba, yenye taa, taa ikawaka kijani. Meneja akatangaza kuwa mwamba ni mzima, kilichooza ni sikio la mzee. Na kweli sikio la kushoto lilishazima zamani. Alichosahau meneja ni kwamba mzee husikia kwa kiganja. Watu kumi na mmoja wa zamu ile tukamwamini mzee, tukakaa nje siku mbili, tukimuuliza mwamba umeamkaje. Akatujibu kuwa haujambo, unauliza tu nani anatangulia.

Siku ya tatu meneja akapeleka meza na kiti chake pale pale chini ya msalaba, tuone kuwa ni salama, kisha akatoka kumwita mpiga picha. Hajafika mbali, paa likashuka lote. Ile meza hatujaiona tena. Taarifa ya ofisi ikasema uchimbaji umesimama kwa matengenezo yaliyopangwa, na barua ya pongezi ikabandikwa ubaoni. Ilipongeza mashine.

Kwa hiyo tuseme alikosea mara tisa kati ya kumi. Sisi kumi na mmoja tunaishi kwa ile ya kumi.

Mwaka mzima ameomba apewe mtu wa kumrithisha kazi. Ofisi imejibu kuwa mashine inatosha, na mtaimbo wake utatiwa kwenye kabati la vioo pale mapokezi, uwe kumbukumbu. Nani atatangulia Jumatatu, barua haikusema.

Basi meneja, bila kukuvunjia heshima: mtaimbo ulioufungia kabatini jana ni wa bustani, tumeupaka makaa. Wa kweli utashuka shimoni mikononi mwa dada yetu wa mashine ya kuchimba, mama wa watoto watatu. Kigong'ota amemfunza saa za chakula tangu mwaka jana, masikio yake yamezibwa kwa pamba ili ajue kusikiliza kwa kiganja. Amefuzu. Msalaba wake wa kwanza ameshauchora, uko ukumbini tutakapoagana Ijumaa, kwenye dari juu ya kiti chako. Pengine amekosea. Shauri yako.

Ahsante, Kigong'ota. Nenda ukalale chali uitazame dari yako bila kuigonga. Wewe tunakutakia uzee mtamu. Mkeo tunamtakia subira.